Mikono ya watoto wa Uvira haiuzwi kwa kilo

Tangu Kavimvira mpaka Makobola, ni vigumu kupata avenue isiyokuwa na nyumba hata moja inayokula kwa mkono wa mtu aliyeko Marekani. Mabati mapya, minervali ya watoto, operesheni ya bibi, jeneza la mjomba, tiketi ya boti ya kukimbilia Kigoma wakati risasi zinalia: vyote hivyo vimelipwa na dola mia, dola mia mbili, zilizotumwa usiku na mtu ambaye kesho yake alfajiri anarudi kazini. Ukiuliza anafanya kazi gani, jibu ni fupi: anafanya mu nyama.

Jibu hilo ni fupi mno. Ndani yake kuna mambo ambayo familia hazijaambiwa, na mengine zimeambiwa lakini hazikutaka kuyasikia.

Anayesikia neno "nyama" akiwa Uvira anafikiria busheri ya mtaani: mtu mmoja, gogo moja, panga, mzani, na wateja wanaogombania maini. Kiwanda cha nyama cha Marekani ni kitu kingine kabisa. Ng'ombe au nguruwe ananing'inia kwenye mnyororo unaotembea, na watu wamesimama bega kwa bega, kila mmoja na kisu chake na mkato wake mmoja. Huyu anakata bega, yule anavuta mfupa, mwingine anaondoa mafuta. Mkato ule ule, kwa mkono ule ule, mara maelfu kwa siku. Ndani ni baridi kama friji, kwa sababu nyama isipokaa baridi itaharibika. Vidole vya mtu havikuulizwa. Sakafu ina maji, damu na mafuta. Kelele ni kubwa hata anayetaka kusema na jirani yake ni lazima amguse bega kwanza. Na kisu kikipoteza makali, mkono ndio unalipa, kwa sababu kisu butu kinataka nguvu mara mbili na mnyororo hausimami kumngoja mtu anoe.

Mabaya mengi ya kazi hiyo yana baba mmoja, na baba huyo ni mwendo wa mnyororo. Kwa viwanda vikubwa vya nguruwe kiwango cha juu kilikuwa nguruwe 1,106 kwa saa. Mwaka 2019 serikali ya Marekani ilipitisha kanuni ya kuondoa kiwango hicho katika viwanda vilivyoingia katika mpango mpya wa ukaguzi. Sendika ya wafanyakazi wa nyama, UFCW, ilikwenda mahakamani, na mwaka 2021 hakimu mmoja wa Minnesota akaifuta sehemu hiyo ya kanuni kwa sababu serikali ilikataa kuangalia madhara kwa wafanyakazi. Kwa kuku kiwango kilichowekwa kilikuwa 140 kwa dakika, na viwanda vingine vilipewa ruhusa ya kufika 175. Msomaji ashike saa yake, ahesabu dakika moja, halafu afikirie kuku 140 wakipita mbele ya macho yake.

Jambo la kukasirisha zaidi ni hili: viwango hivyo havikuwekwa kwa ajili ya mkono wa mfanyakazi. Viliwekwa ili mkaguzi wa serikali apate muda wa kuona kama mnyama ana ugonjwa. Mambo yako hivyo tangu zamani. Mwaka 1906 mwandishi Upton Sinclair alitoa kitabu chake, The Jungle, juu ya wahamiaji waliokuwa wakiteseka katika machinjio ya Chicago. Marekani nzima ilishtuka, na mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya ukaguzi wa nyama. Walaji walilindwa ndani ya miezi michache. Sheria kubwa ya taifa ya kumlinda mtu kazini ilikuja mwaka 1970, miaka 64 baadaye.

Mkono hauharibiki kwa siku moja. Unaanza na ganzi usiku. Mtu anaamka, anautikisa, unarudi. Baada ya miezi kadhaa haurudi upesi. Mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo umebanwa, vidole havishiki vizuri, na mwanaume aliyebeba magunia bandarini Kalundu bila kulalamika anashindwa kufunga vifungo vya shati la mtoto wake. Akienda kwenye chumba cha matibabu cha kiwanda, mara nyingi anapewa barafu na vidonge vya maumivu, kisha anaambiwa arudi kwenye mnyororo. Huo si uzushi wa wavivu. Wakaguzi wa serikali ya Marekani wenyewe wameandika kwamba vyumba hivyo vimechelewesha watu kumwona daktari wa kweli, na kwamba wafanyakazi wanaogopa kutaja maumivu yao wasije wakafukuzwa. Shirika la Oxfam lilitoa ripoti mwaka 2016 juu ya viwanda vya kuku: watu wananyimwa ruhusa ya kwenda chooni, na wengine wamefikia kuvaa nepi kazini. Watu wazima, wazazi wa watoto.

Sasa kwa nini Wakongomani wamejaa huko? Hapa kuna historia ambayo haielezwi katika kambi. Tarehe 12 mwezi wa 12 mwaka 2006, maofisa wa uhamiaji waliingia kwa siku moja katika viwanda sita vya kampuni ya Swift, wakakamata wafanyakazi karibu 1,300, wengi wao watu wa Mexico na Guatemala. Nafasi zao hazikukaa tupu. Kampuni za nyama zilitafuta watu wenye karatasi halali, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi ana ruhusa ya kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Walianza Wasomali, wakaja Waburma, wakaja Wakongomani, wengi wao watu wa Fizi, Uvira na milima ya Itombwe waliokuwa wamekaa Nyarugusu tangu 1996, na manusura wa Gatumba ya 2004 waliopitia Burundi.

Kampuni haikumtafuta Mkongomani kwa sababu inampenda. Ilitafuta mtu anayefika akiwa na deni la tiketi ya ndege, kwa maana tiketi ile si zawadi, inarudishwa kidogo kidogo. Mtu asiyejua Kiingereza. Mtu ambaye ana watu kumi wanaongoja simu yake. Mtu wa namna hiyo hasemi "hapana" upesi, na wanaopanga kazi wanalijua hilo vizuri kuliko anavyolijua yeye mwenyewe.

Mwezi wa nne wa mwaka 2020 ulionyesha yote hayo wazi. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17, mto Mulongwe ulivunja kingo zake na kuingia mitaani. Watu makumi walikufa, maelfu ya nyumba zikaanguka, familia zikalala mashuleni na makanisani. Simu zilipigwa Marekani usiku huo huo: tumeni chochote. Na wapigiwa simu walikuwa wapi? Wengine walikuwa Waterloo, katika jimbo la Iowa, ndani ya kiwanda cha nguruwe cha Tyson, ambako Korona ilikuwa inapita bega kwa bega kwenye mnyororo. Kiwanda kile kilikuwa na wafanyakazi karibu 2,800: Wamarekani, Wabosnia, Waburma, Wakongomani. Viongozi wa wilaya ya Black Hawk, pamoja na mkuu wa polisi Tony Thompson, walikitembelea wakaona watu wamebanana, wengi bila barakoa, na wakaomba kifungwe. Kampuni iliendelea. Ilisimamisha kazi tarehe 22. Idara ya afya ya wilaya ilihesabu baadaye wafanyakazi 1,031 walioambukizwa. Watu walikufa, na Wakongomani walikuwemo.

Tarehe 28 ya mwezi huo, Rais Trump alitia sahihi amri ya kutaka viwanda vya nyama viendelee kufanya kazi. Uchunguzi wa bunge uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanasheria wa Tyson walikuwa wameandika rasimu ya amri ya namna hiyo kabla rais hajaitoa. Huko Iowa, mwezi wa sita, gavana alitia sahihi sheria ya kuzikinga kampuni zisishitakiwe ovyo juu ya Korona. Ulinzi ulipatikana haraka sana, ila haukuwa wa watu wa mnyororo.

Halafu likaja lile ambalo hata shetani angeona haya kulisimulia. Familia za marehemu zilidai mahakamani kwamba wasimamizi wa Waterloo walikuwa wamewekeana dau la pesa: ni wafanyakazi wangapi watakutwa na ugonjwa? Tyson ilifanya uchunguzi wake, na mwezi wa 12 mwaka 2020 ikawafukuza wasimamizi saba.

Na adhabu ya serikali? Katika kiwanda cha Smithfield, Sioux Falls, serikali yenyewe ilihesabu wagonjwa 1,294 na vifo vinne, ikatoza faini ya dola 13,494. Gawa: ni kama dola kumi na nusu kwa kila mgonjwa. Hakuna atakayekupa mbuzi kwa pesa hiyo sokoni Uvira. Huko Greeley, Colorado, kampuni ya JBS ilitozwa dola 15,615 kwa kiwanda ambacho watu sita walikuwa wamekufa. Kwa kampuni tano kubwa zikiwekwa pamoja, kamati ya bunge ilihesabu mwaka 2021 wafanyakazi wasiopungua 59,000 walioambukizwa na 269 waliokufa katika mwaka wa kwanza wa ugonjwa.

Kuna watakaosema: lakini kazi inalipa, na hakuna aliyelazimishwa. Bila nyama, kijana yule angekuwa bado Nyarugusu akipanga foleni ya unga, au Uvira akikimbia kila vita inapogeuka. Hoja hiyo ina ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaoua. Ndiyo, inalipa kuliko kazi yoyote ambayo kijana huyo angepata kando ya ziwa. Lakini mshahara ni malipo ya saa za kazi. Haukununua kifundo cha mkono, wala mapafu, wala haki ya kwenda chooni. Mtu akiuza samaki hajauza na mtumbwi. Na kusema "hakuna aliyelazimishwa" juu ya mtu aliyekimbia nyumba yake ikiwaka moto ni kucheza na maneno.

Wengine watasema kwamba mgeni akae kimya, hasa baada ya mpango wa kupokea wakimbizi kusimamishwa mwezi wa kwanza 2025, na kila mtu anaogopa. Woga huo unaeleweka. Lakini sheria ya usalama kazini ya 1970 haimuulizi mtu karatasi. Mfanyakazi ana haki ya kufundishwa hatari za kazi kwa lugha anayoielewa, na Kiswahili ni lugha. Ana haki ya kutaja ajali bila kufukuzwa. Akiumia kazini, kuna bima ya kumtibu na kumlipa sehemu ya mshahara, na kila jimbo lina siku zake za kutoa taarifa: Iowa ni siku 90. Anayenyamaza mpaka mkono ufe kabisa ndipo aseme, anakutana na mlango umefungwa. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kusema mapema na kwa maandishi, kubaki na nakala, na kumwambia daktari wazi kwamba maumivu yametokana na kazi. Karatasi ya Kiingereza asiyoielewa asiitie sahihi mpaka apate mtu wa kumtafsiria, na mtu huyo asiwe msimamizi wake.

Kusema pia kunaleta matunda pale watu wanaposema pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwisho wa mwaka 2015, huko Fort Morgan, Colorado, Wasomali waliacha kazi katika kiwanda cha Cargill kwa ajili ya muda wa swala, wakafukuzwa. Hawakutawanyika. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni moja na nusu kwa watu 138. Wakristo wa Uvira wasiseme hayo ni ya Waislamu. Aliyepata muda wa kusali amepata pia muda wa kunyoosha mgongo.

Na kuhusu watoto, neno moja bila kuzunguka. Mwezi wa pili mwaka 2023 serikali ya Marekani iliitoza kampuni ya usafi PSSI dola milioni moja na nusu, kwa sababu ilikuwa imeajiri watoto 102, wa miaka 13 mpaka 17, kusafisha usiku misumeno na mashine za machinjio katika majimbo manane. Mtoto wa miaka 13 mbele ya msumeno wa kukata mifupa, saa sita za usiku, na asubuhi anasinzia darasani. Mzazi aliyemvusha mtoto ziwa ili asiingizwe kwenye kundi la silaha, kisha akamwongezea miaka kwenye karatasi ili aingie kiwandani, amemtoa mahali pamoja pa hatari akampeleka pengine.

Lawama ya kampuni ni kubwa na haipungui. Lakini iko lawama nyingine, ndogo, ambayo inakaa hapa nyumbani, na hiyo ndiyo watu hawapendi kuigusa. Simu za namna hii zinajulikana katika kila mtaa:

"Mama, mkono huu haushiki tena."

"Mwanangu, vumilia kidogo. Wadogo zako wamefukuzwa masomo."

Mama anayejibu hivyo si mkatili. Watoto kweli wamefukuzwa. Lakini kijana amekata simu akiwa na jibu moja tu kichwani, nalo ni lile ambalo msimamizi wake angependa awe nalo. Kampuni haikuwa kwenye simu na bado imefaidika. Hatakwenda kwa daktari, kwa kuwa daktari atamwandikia kazi nyepesi na saa zitapungua. Hataingia sendika, kwa kuwa sendika inakata pesa kidogo kila wiki. Atameza vidonge. Baada ya miaka mitatu atakuwa na mkono ambao hakuna kiwanda kitakachouchukua, na wale wale waliokuwa wakimwita baraka ya ukoo wataanza kunong'ona kwamba amekuwa mlevi, ameoa vibaya, amesahau nyumbani. Kanisani hatasomwa tena miongoni mwa waliotoa. (Ni ajabu jinsi orodha ya waliotoa inavyojulikana vizuri kuliko orodha ya wagonjwa.)

Familia inayopokea inaweza kuuliza swali moja kabla ya yote: mikono iko namna gani? Inaweza kuacha kupanga kiasi cha kila mwezi kana kwamba ni kodi ya nyumba. Inaweza kukubali mwezi mtupu wakati mtu anatibiwa. Kwa familia ambazo zimelala chini ya turubai, hilo ni jambo zito, na asiyelala humo asiliseme kirahisi. Lakini mkono mmoja uliopona utatuma pesa kwa miaka ishirini.

Na mwenye kukasirikia Tyson na JBS kutoka Uvira asisahau kugeuza shingo. Ng'ombe wanaoshuka kutoka milimani na kutoka bonde la Ruzizi wanachinjwa na watu pia. Afike alfajiri abatwari aone: kijana na sandali za plastiki ndani ya damu, bila glavu, bila buti, kisu kwa mkono na sigara kwa mwingine. Kimeta na bruselosi havichagui. Vinaingia kwa mchubuko mdogo. Akijikata, anafungwa kitambaa na kuambiwa arudi akipona. Malipo yake yanaweza kuwa kichwa, matumbo, au "utapita kesho". Mwenye ng'ombe huyo huyo ana mtoto Iowa, na akisikia mtoto amenyimwa chooni analia machozi ya kweli.

Code du travail ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inawahusu na vijana hao. Mtu wa kibarua aliyefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. "Utapita kesho" haiwezi kuifuta. Mwajiri anapaswa kumwandikisha CNSS, ambayo ina tawi la ajali na magonjwa ya kazi. Halmashauri ya mji inayokusanya taksi kwa kila kichwa cha ng'ombe kinachoanguka inaweza kutoa sehemu ya taksi hiyo kununua buti, glavu na sabuni. Kongo ilikubali mwaka 1968 mkataba wa kimataifa namba 81, unaompa inspekteri wa kazi ruhusa ya kuingia mahali pa kazi mchana au usiku bila kutoa taarifa mbele. Wachinjaji wa Uvira waulizwe walimwona lini mara ya mwisho.